Dola Si Embe, Wacha Kuingoja Iive

Wasee, Desemba inakuja na najua mbogi zenu zimeshaanza kupanga. Kuna wale wa Zanzibar, kuna wale wa Kigali, kuna wale wa wikendi moja Kampala, na kuna wale wawili watatu walioomoka wanaenda Dubai. Na katika kila grupu ya WhatsApp ya safari kuna msee mmoja ambaye hajawahi kufanya kazi benki hata siku moja, lakini kila jioni anatuma picha ya bei ya dola na maneno matatu: "Ngojeni kidogo, itashuka."

Leo nataka kuongea na huyo msee. Na pia nyinyi mnaomskiza.

Msimamo wangu ni huu, na siuzungushi. Hakuna mtu kwa hiyo grupu anayejua dola itakuwa ngapi mwezi ujao. Si yeye, si mimi, si yule jamaa wa TikTok mwenye chati za kijani na nyekundu. Kwa hivyo siku ya kununua pesa ya safari haifai kuamuliwa na bei ya dola. Iamuliwe na tarehe ya safari. Na kama pesa si zako peke yako, kukaa nazo ukivizia bei ni kamari, hata ukiiita mkakati.

Mnafikiri nakuza mambo? Haya, turudi nyuma kidogo tuangalie shilingi yetu wenyewe.

Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 kwa bei rasmi ya Benki Kuu. Ilipofika Machi 2023 dola zilikuwa zimeadimika, waagizaji wa bidhaa wanalia, na Rais Ruto akasimama hadharani akawaonya wanaoficha dola kwamba wangekula hasara. Huyo ni rais. Ana Hazina, ana washauri wa uchumi, ana kila ripoti unayoweza kufikiria mezani pake. Sasa aliyeskia hivyo akasema wacha ningoje ishuke, alingoja hadi lini? Dola ilipanda mwaka mzima. Desemba 2023 ilifunga karibu 156. Januari 2024 ikapita 160.

Hapo sasa upepo ukageuka. Januari hiyo kila mtu mtaani alikuwa mchumi. Kinyozi anakwambia itafika 200. Dereva wa teksi anakwambia itafika 200. Watu wakatoa akiba wakanunua dola kwa 160 na zaidi, eti wawahi kabla mambo hayajaharibika. Februari serikali ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5, ikatumia pesa hizo kulipa mapema sehemu kubwa ya ile Eurobond ya dola bilioni 2 iliyokuwa inadaiwa Juni. Ile hofu kwamba Kenya itashindwa kulipa deni ikapoa. Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 13, na hati za dhamana za serikali zikawa zinalipa vizuri kiasi cha wageni kuleta dola zao hapa. Kufika mwisho wa Machi, dola ilikuwa karibu 131. Hizo ni wiki chache tu, wasee. Wiki chache!

Subiri, haijaisha. Juni 2024 vijana tukajaa barabarani, Mswada wa Fedha ukaondolewa, na Julai kampuni ya Moody's ikaishusha Kenya kwenye viwango vyake vya mikopo. Kwa akili ya kawaida, shilingi ilifaa ianguke kifo cha mende. Wachambuzi wa mtandaoni walishaanza kuiimbia nyimbo za mazishi. Shilingi ikakaa pale pale, karibu 129. Na 2025 yote ikakaa hapo hapo.

Mara tatu watu walikuwa na uhakika, na mara tatu walikosea. Na hawakuwa wajinga. Bei ya dola inaamuliwa na deni la serikali, bei ya mafuta, riba ya Marekani, chai na maua tunayouza nje, pesa ambazo shangazi zetu wanatuma kutoka ng'ambo, na hofu ya watu ambao hutawahi kukutana nao. Hakuna mtu anayeziona zote kwa pamoja kutoka Rongai.

Najua mtu atasema: "Lakini mimi niliwahi kungoja na bei ikashuka nikaokoa doo." Poa, hongera. Lakini ukirusha sarafu ikaanguka upande wako, hujawa nabii. Umebahatika. Tatizo la kubahatika mara moja ni kwamba mara ya pili unaweka pesa kubwa zaidi.

Wengine wananirushia methali: mvumilivu hula mbivu. Manze, tuheshimu methali. Embe lina msimu wake. Ukiliacha mtini, unajua linaelekea wapi: litaiva. Dola haina msimu. Unaweza kuingoja miezi sita ikaiva, ikarudi mbichi, ikaoza, halafu ikaiva tena siku moja baada ya wewe kupanda ndege. Uvumilivu hausaidii kama kitu unachokingoja hakijakuahidi chochote.

Na hawa magwiji wa mtandaoni wanaouza madarasa ya "kusoma dola" kwa thao mbili? Jiulize swali moja tu. Mtu anayejua kwa uhakika dola itaenda wapi wiki ijayo anatafuta nini na thao mbili zako? Angekopa benki, anunue, auze, astaafu akiwa na miaka 26. Hakuna mtu anayechimba dhahabu nyuma ya nyumba yake halafu anashinda barabarani akiuza majembe.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo ujanja wetu unaaibika.

Tuseme unahitaji dola 500. Bei iko 129.50 na wewe unangoja ifike 129. Ikifika, utaokoa shilingi 250. Umefuatilia simu yako wiki tatu kwa sababu ya soo mbili na nusu! Boda ya kwenda na kurudi tauni inaweza kuzimaliza zote. Lakini siku ukienda kununua, unaingia duka la kwanza la foreksi unaloliona, hulinganishi na la pili. Tofauti ya shilingi mbili tu kwa dola kati ya duka moja na lingine ni shilingi 1,000 kwa hizo dola 500. Uliangalia shilingi 250 kwa makini kama mwewe, na elfu moja ikapita chini ya miguu yako.

Hii ndiyo sehemu hakuna mtu anaitengenezea video kwa sababu haina msisimko. Hasara kubwa ya msafiri wa kawaida haiko kwenye kupanda na kushuka kwa dola. Iko kwenye pengo kati ya bei ambayo duka linakuuzia na bei ambayo lingenunua kwako. Ukinunua dola 600 kwa 131 halafu safari ivunjike, uzirudishe kwa 127, umepoteza shilingi 2,400 na bei ya dola haijasonga hata senti. Ndio maana huwa nasema tiketi kwanza, dola baadaye. Mtu ambaye hajalipia chochote, hana hata tarehe, lakini ameshabeba dola chini ya godoro, hajajiandaa na safari. Amefungua duka la foreksi chumbani na mteja ni yeye mwenyewe.

Halafu kuna hii ya kubadilisha mara mbili, ambayo inaniuma roho. Mbogi inaenda Zanzibar. Wananunua dola Nairobi. Wakifika wanauza dola, wananunua shilingi za Tanzania. Duka la hapa limekula, duka la kule limekula. Kwa nini? Eti kwa sababu "pesa ya safari ni dola". Nani alisema? Machi 2025 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa pesa za kigeni. Urojo wa Forodhani unalipiwa kwa shilingi ya Tanzania. Dalali wa boti, daladala, nazi, vyote ni shilingi ya Tanzania. Na shilingi yetu inabadilishwa moja kwa moja na ya kwao, hata pale Namanga, bila kupitia Marekani. Ila ingia duka lenye leseni, si yule kijana anayekimbilia basi na mabunda mkononi, kwa sababu pale noti bandia na hesabu za haraka haraka ndizo zinazomlisha. Ukienda Kampala au Kigali ni hivyo hivyo. Swali la kwanza si "dola ni ngapi?" Swali la kwanza ni "kule tunakoenda watu wanalipa na nini?"

Dubai ni tofauti kidogo. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.67 na ushei. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema hataki kununua dola kwa sababu anangoja dirhamu ishuke, mwonee huruma. Anangoja kivuli kisogee bila mti.

Na usikimbilie kununua pesa ya nchi unayoenda miezi mingi kabla. Machi 2024 Misri iliiachilia pauni yake ijitafutie bei sokoni. Siku hiyo moja ilitoka karibu pauni 31 kwa dola hadi karibu 50. Aliyekuwa amejaza bahasha ya pauni za Misri mapema, bahasha yake ilipungua thamani zaidi ya thuluthi akiwa amelala.

Sasa nije kwa kile kinachonikasirisha kweli kweli.

Mwanzo wa 2024 tulikuwa watu wanane tunapanga Zanzibar ya Pasaka. Kila mtu alitoa thao 15. Kuna wenzetu wawili walikuwa wanafanya kazi ya mkono ya kulipwa kwa siku, na nakwambia hiyo thao 15 ilikuwa miezi ya kujinyima. Jumla ikawa 120,000. Mweka hazina wetu, mtu mzuri, mcheshi, anayependwa na kila mtu, akaamua peke yake kununua dola Januari kwa 160 kwa sababu "itafika 200". Akapata dola 750. Nilipoambiwa, niliuliza: tunaenda kutumia pesa ya Tanzania, dola ni za nini? Nikajibiwa niache ushamba, kwamba wenye akili huweka pesa kwa dola.

Pasaka ilikuwa Machi 31. Kufikia wiki hiyo zile dola 750 zilikuwa na thamani ya shilingi 98,000 na kidogo. Zaidi ya shilingi 21,000 zilikuwa zimeyeyuka. Tulikata usiku mmoja wa malazi, na mmoja wa wale wawili hakuja kabisa, kwa sababu sasa ilibidi kila mtu aongeze na yeye hakuwa na cha kuongeza. Tulipouliza, mweka hazina alisema: "Soko limetugeuka."

Soko halikutugeuka. Soko halikuwa kwa grupu yetu. Soko halikuahidi mtu kulinda thao 15 zake. Aliyeahidi ni yeye.

Na nataka mniskie vizuri hapa, kwa sababu watu wengi wanadhani nalalamika kwa sababu bei ilishuka. La. Hata kama dola ingefika 200 na sote tukalala hoteli ya kifahari, bado lingekuwa kosa. Alichukua pesa za watu wanane akaweka dau ambalo watu saba hawakuulizwa. Angeshinda, tungemwita gwiji, na safari iliyofuata angeweka dau kubwa zaidi. Kamari haigeuki kuwa hekima kwa sababu imelipa.

Ukipewa pesa za wenzako kazi yako si kuzizalisha. Kazi yako ni kuhakikisha siku ya safari zipo na zinanunua kile mlichokubaliana. Ukitaka kucheza na bei ya dola, cheza na zako. Huo ni uhuru wako, ule hasara yako kimya kimya kama mtu mzima.

"Sawa, wewe umeponda kila kitu. Tufanye nini?" Swali halali. Nitawajibu kwa urahisi kwa sababu jibu lenyewe halina maajabu.

Kwanza, punguza kiasi cha pesa ya kigeni unachohitaji. Sehemu kubwa ya safari unaweza kuilipia mapema kwa shilingi: basi, tiketi ya ndege, wakati mwingine hata malazi. Kila kitu ulicholipia leo kwa shilingi ni kitu ambacho dola haiwezi kukusumbua nacho kesho. Ukimaliza hapo, pengine unabaki kuhitaji dola 200 na si 600, na kelele yote inapungua.

Pili, kilichobaki kigawe. Nunua nusu ukishalipia tiketi, nusu nyingine wiki moja kabla ya kuondoka. Basi. Angalia inavyofanya kazi na bei rasmi za miaka ile miwili mibaya. Mtu wa dola 600 aliyesafiri Desemba 2023: angenunua zote Januari kwa karibu 124, angelipa 74,400. Zote Desemba kwa 156, angelipa 93,600. Nusu kwa nusu, 84,000. Sasa geuza. Mtu wa Pasaka 2024: zote Januari kwa 160 ni 96,000. Zote mwisho wa Machi kwa 131 ni 78,600. Nusu kwa nusu, 87,300. Unaona? Mwaka mmoja kungoja kulikuwa sumu, miezi michache baadaye kungoja kukawa dawa. Aliyegawa nusu hakuwa bingwa mara zote mbili. Lakini pia hakuwahi kuwa yule wa kulia, na hakupoteza usingizi hata mmoja.

Mtu wa ujanja atasema kugawa ni uoga. Ndiyo, ni uoga, na ninaupendekeza. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi nataka ubawa wangu ufike Nungwi.

Tatu, siku ya kununua, angalia bei ya Benki Kuu kwenye tovuti yao asubuhi, halafu uliza maduka matatu. Si lazima utembee, piga simu. Lile linalokaribia bei hiyo zaidi ndilo lako. Kama ni dola, omba noti safi na mpya; noti za kabla ya 2006 zinakataliwa sana huku kwetu, na noti ndogo ndogo mara nyingi hupewa bei mbaya. Usiache kila kitu kwa dirisha la uwanja wa ndege, wanajua huna pa kwenda.

Nne, ukilipa kwa kadi nchi ya watu na mashine ikuulize kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya au kwa pesa ya pale, chagua pesa ya pale. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anajipangia bei ya kubadilisha, na hajipangii ya kukuonea huruma.

Na wewe unayelipwa kwa dola kwa kazi za mtandaoni, wewe hata hufai kuwa kwa huu mjadala. Unauza dola zako zote kila mwisho wa mwezi, halafu Desemba unaenda kununua dola zile zile kwa bei ya juu? Kama unaenda mahali dola zinatumika, bakisha za safari huko huko zilipo. Ushamaliza.

Mweka hazina ambaye bado anangoja, wewe ndiye nilikuwa nakuandikia muda huu wote. Hatukukuchagua kwa sababu unajua dola. Tulikuchagua kwa sababu tulidhani hutatupotezea. Kuna mtu kwa hiyo grupu ambaye hasemi chochote, anatuma "sawa" tu, na elfu zake ni za jasho ambalo hujawahi kulitoa. Ukiamka leo, andika pale grupuni: zilizopo ni kiasi hiki, ziko kwa sarafu hii, tutanunua tarehe hizi mbili. Kila mtu aone, kila mtu akubali au akatae. Halafu zima hiyo chati ya dola, tafuta begi lako, uanze kupanga nguo.